Nozeli ya Nne

Mzee Mwinchumu hakubanduka ubavuni mwa lori lake kuukuu. Aliwajua mafundi: humbadilishia mtu nozeli nzima, kile kipuli kinachonyunyizia dizeli ndani ya injini, kwa mbovu. Ndiyo maana zake zote sita alishazitia alama kwa rangi ya kucha ya mkewe.

Injini ilikuwa ikitetemeka. Fundi Kombe alilegeza paipu za dizeli moja moja, na kila mara mngurumo ulififia. Alipolegeza ya nne, haukubadilika: nozeli ya hapo ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi.

Akazima injini, akaichomoa nozeli hiyo. Haikuwa na alama.

“Mwizi wewe!”

“Mzee, umenikodolea macho tangu nianze. Nani mwingine huligusa lori hili?”

“Shemeji yangu tu. Aliliazima wiki iliyopita...”

Honi ililia getini. Shemeji alikuja kumchukua kwa lori lake la aina hiyohiyo. Lilikuwa bovu mwezi mzima. Sasa lilisimama pale likinguruma, bila kutetemeka hata kidogo.