Mwenye Kibanja

"Utapiga magoti," Kokuberwa alimwambia kaka yake mlangoni kwa wakili. "Siyo kwangu. Kwa mwenye kibanja."

Deodatus aligonga mlango. Mama yao alikuwa mochwari tangu jana, na gari la kumpeleka Muleba lilikwishajazwa mafuta. Kilichokosekana ni mahali pa kumzika. Kibanja cha migomba walimolala baba na babu yao, Deodatus alikiuza miaka minne nyuma bila kumshirikisha mtu. "Mrithi ni mimi," alisema siku ile. "Mwanamke kibanja chake kiko kwa mumewe." Pesa akanunulia basi, na basi likafia stendi ya Buzuruga.

Mama hakulia. Alihamia Mwanza kwa binti yake. Kokuberwa ndiye aliyeapa: ipo siku kaka ataomba, na yeye atakuwepo kutazama.

Maana Deodatus alimcheka sana mama. Mafao yake yote ya uuguzi alikuwa ameyatia kwenye mfuko wa uwekezaji, ule unaonunua hisa za kampuni zinazotoa gawio nono. Kila gawio likiingia, alilirudisha humo humo kuongeza vipande vyake vya mfuko.

"Mama, unafuga kuku wa kwenye simu!" Deodatus alikuwa akimtania. "Mayai tutakula lini?"

Mwaka ule kibanja kilipouzwa, mama aliacha ghafla kutaja gawio. Deodatus akapiga makofi. "Si niliwaambia? Mfuko umezama!"

Sasa wakili Muganyizi, aliyesimamia ununuzi wa kibanja kwa niaba ya mteja asiyetaka kujulikana, aliwaonyesha viti. Deodatus hakukaa. Alipiga magoti kweli, na suti yake, sakafuni. Kokuberwa alihisi utamu ukimpanda hadi kooni.

"Mheshimiwa, niombee kwa mteja wako. Kipande kidogo tu, kando ya baba."

"Mama atazikwa pale pale," wakili alijibu papo hapo, hata simu hakuigusa. "Ila kuna sharti. Wewe, Deodatus, hukanyagi kibanja kile. Kesho hukanyagi, na siku yako ikifika hutazikwa humo. Jeneza utaliagia barabarani."

"Mimi? Mtoto wa kwanza, nisimtupie mama yangu udongo?"

"Ndivyo nilivyoagizwa."

Deodatus alijikunja, paji la uso likagusa sakafu, akalia kwa sauti. Kokuberwa alikuwa ameisubiri sauti hiyo miaka yote minne. Lakini kumzuia mtu kaburini kwa mama yake! Hata yeye, pamoja na hasira zake zote, asingefika huko.

"Ni mtu gani huyu, hana hata huruma?" alifoka. "Mpigie simu, wakili. Nitaongea naye mimi mwenyewe."

Muganyizi alivua miwani.

"Hawezi kupokea, dada. Ndiye mnayekwenda kumzika."