Tangazo la Nontu

Mwalimu Bhabatosh Ghoshal hakuwa amenunua gazeti la Dinlipi kwa miaka kumi na mitatu, ijapokuwa kila Ijumaa alisafiri kwa treni kutoka Krishnanagar hadi Kolkata ili kulipia tangazo ndani yake.

Ijumaa hiyo alifika saa saba mchana, amelowa jasho, akaiegemea kaunta ya matangazo hadi pumzi zikamrudia.

"Karibu, Mwalimu," alisema karani, Nirapada Sanyal, bila kuinua macho. "Nontu hajarudi bado?"

"Angekuwa amerudi, ungeniona hapa na magoti haya?"

"Huyo Nontu sasa ana mvi kunizidi mimi. Na wewe bado unamtangaza kama mtoto aliyepotelea sokoni."

"Andika risiti, Bwana Nirapada. Mkono wako huchoka kila siku. Mdomo wako, kamwe."

Nontu lilikuwa jina la nyumbani tu. Katika matangazo ya namna hiyo hakuna aandikaye jina la shuleni. Aliyepotea huitwa kwa jina ambalo mama yake alimwitia chakula. Nirapada hakuwahi kuuliza jina jingine.

Karani huyo alikuwa amechoka uchovu usioondolewa na usingizi. Alikuwa ameketi kwenye kaunta hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Dinlipi lilianzishwa na wakili mmoja mwaka 1908, likafungwa mara mbili na serikali ya Waingereza, na mara mbili likafufuka. Kuna wakati lilitoa nakala elfu arobaini kwa siku, likasomwa na walimu, makarani, na wajane waliotafuta humo siku za kufunga. Sasa zilibaki elfu tisa, na Nirapada alishuku kwamba nyingi kati ya hizo zilikwenda moja kwa moja kufungia bisi za mchele.

Ndiyo maana alimheshimu mzee huyu. Mwaka wa kwanza Mwalimu alitangaza katika magazeti manne, akayanunua yote na kuyakagua. Kisha Dinlipi likakosea. Yeye aliandika kwamba mfenesi wa nyuma ya jiko umezaa. Gazeti likachapa kwamba mfenesi wa kando ya bwawa umezaa, ijapokuwa karatasi yake haikutaja bwawa lolote. Nirapada alimwomba radhi, akaahidi kulirudia tangazo bila malipo. Mzee alipitisha kidole juu ya neno 'bwawa'.

"Liacheni hivyo hivyo," alisema.

Tangu siku hiyo aliyaacha yale magazeti mengine matatu. Nirapada alipenda kuwasimulia wenzake jambo hilo: huo, alisema, ndio uaminifu wa msomaji wa zamani.

"Mama yake hajambo?" aliuliza sasa, huku akivuta kitabu cha risiti.

"Haoni tena. Kila Ijumaa nikirudi huuliza kama niliandika vizuri."

"Basi kwa nini usimtafute mwenyewe, Mwalimu, badala ya kutufanya sisi tarishi wako?"

"Alipooa bila radhi yangu niliapa mbele ya madhabahu ya nyumbani, jamaa wote wakisikia, kwamba ulimi wangu hautamwita tena. Ulimi, nilisema. Kalamu sikuitaja."

Nirapada alicheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. "Kalamu yako basi imepata bahati. Kuanzia kesho matangazo yatapigwa kwa mashine mpya. Binti mmoja atakaa kwenye kiti, abonyeze vitufe, na herufi zitoke safi kama wali. Hizi za risasi, zinazopangwa moja moja, zimeshauzwa kwa kilo."

Mkono wa Mwalimu, uliokuwa ukimpa karatasi, ulirudi nyuma.

"Na yule anayeyapanga matangazo kwa mkono?"

"Anadi? Anaondoka leo jioni, yeye na wenzake wote saba. Miaka yote hii ameipanga safu hiyo peke yake, na kumtoa neno ni kazi. Bubu anamzidi kwa porojo."

Mwalimu aliomba kalamu. Aliyafuta maneno yote aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaandika mistari miwili mipya, akalipa. Nirapada aliisoma kwa sauti, kama kanuni ilivyotaka.

"'Nontu, mama yako haoni tena. Niko kwenye benchi nje ya lango. Treni yetu ni ya leo, saa kumi na moja. Hakuna atakayekulaumu. Baba.'" Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Mwalimu, joto limekupanda kichwani? Gazeti hutoka kesho asubuhi! Treni ya leo itakuwa imekwenda na kurudi. Nani atalisoma tangazo hili?"

"Wewe lipeleke tu," alisema mzee. Akachukua mwavuli wake, akatoka.

Nirapada alishuka ngazi polepole hadi chumba cha kupangia herufi. Aliona haya kupokea fedha za mtu kwa maneno yasiyo na faida. Chini kulikuwa na joto na harufu ya wino, na masanduku mengi ya herufi yalikwisha kumwagwa ndani ya magunia. Anadi alisimama mbele ya sanduku la tatu, ambalo bado lilikuwa limejaa, akingojea tangazo la mwisho.

Aliipokea karatasi, akaisoma. Hakuokota herufi hata moja.

Alivua aproni, akaenda bombani, akanawa kwa sabuni mikono yote miwili hadi viwikoni, bila haraka, kama mtu anayejitayarisha kwa chakula. Kisha akageuka.

"Kaka Nirapada," aliuliza, "benchi hilo liko upande gani wa lango?"