Zuhura Mchana Kweupe

Jirani aligonga lango kwa ngumi, ingawa kengele ilikuwepo na ilikuwa nzima.

"Dereva wako anaichungulia nyumba yangu," alisema Bwana Turki kabla hata ya kusalimu. "Kila siku, saa kumi na moja jioni. Nimeliona bomba lake kutoka dirishani."

Mzee Mansuri, aliyefundisha jiografia mjini Riyadh kwa miaka thelathini na minne, hakupenda kusikia darubini yake ikiitwa bomba. Ilikuwa darubini ya lenzi, ndefu, nyeupe, iliyoshushwa katika bandari ya Jeddah. Yeye na dereva wake Justus walikwenda kuichukua kwa gari, wakarudi nayo wameifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa. Tangu siku hiyo Justus, Mkenya mtulivu kutoka Bungoma, ndiye aliyeifuta na kuisimamisha uani. Katika wanafunzi wote wa Mzee Mansuri, ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kupiga miayo.

"Anatazama nyota," alisema Mzee.

"Saa kumi na moja? Na jua linawaka? Nyota gani hizo, za mabegani mwa maafisa wa polisi?"

"Ndani kuna kiyoyozi, nje kuna jangwa. Lenzi ikitolewa ghafla, picha hutetemeka. Sharti ikae nje saa nzima, izoee joto. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Hilo lilikuwa kweli. Tena Justus alilizingatia somo hilo hata siku ambazo vumbi lilifunika anga lote, na Mzee alilihesabu hilo kuwa ni bidii.

"Juu ya ukuta wako huonekana paa moja tu," alisema Bwana Turki, "nalo ni langu. Wanawake wa nyumbani kwangu hupanda kule. Nyumba yangu ina heshima, bwana. Hata mtumishi, nilimwagiza wakala aniletee asiye na mume, nisije nikakerwa na simu za kila saa. Dereva huyu arudi kwao, halas. Ama sivyo, naenda polisi."

Justus alikuwa amesimama kando ya gari, kitambaa cha kufutia vioo mkononi. Ikama yake, kile kibali cha ukaazi, ikifutwa, wiki isingekwisha kabla hajapandishwa ndege. Mzee Mansuri alilijua hilo. Alijua pia kwamba asingempata tena mtu wa kubishana naye kuhusu pete za Zohali.

"Basi tumtahini," alisema. "Justus! Nionyeshe Zuhura."

"Sasa hivi, Baba? Na jua hili?"

"Sasa hivi."

Justus alinyoosha mkono angani, akapima ngumi tatu kutoka kwenye jua, akaielekeza darubini huko. Aliinama. Aliisogeza kwa kiasi cha unywele, akainuka, akapima tena. Jasho lilimtiririka shingoni. Bwana Turki alikohoa, akatazama saa yake, akakohoa tena.

"Tayari, Baba. Yalla, aje aone."

Bwana Turki aliinama kama mtu anayekagua kisima chenye nyoka.

"Huu ni mwezi!"

"Mwezi uko wapi?" aliuliza Mzee Mansuri.

Bwana Turki aliinua kichwa, akalipekua anga lote la buluu, asiuone. Akainama tena. Hilali ndogo, nyeupe, ilikuwa bado pale pale.

"Hiyo ni Zuhura," alisema Mzee. "Nayo hupungua na kujaa kama mwezi. Ungekuja darasani kwangu, ungelijua hilo kabla hujaota ndevu."

"Subhanallah," alisema Bwana Turki, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa.

Alitazama kwa dakika kumi. Alipoondoka alimpa Justus mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Mzee Mansuri alimsindikiza hadi langoni akiwa ameshiba ushindi.

"Nikimkuta hata siku moja anatazama nyumba ya mtu," alimhakikishia jirani, "nitampeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe."

"Hapana haja, mwalimu. Nimeona kwa macho yangu."

Kesho yake, jua likikaribia kuzama, Mzee Mansuri alitoka uani mapema kuliko kawaida. Justus alikuwa ameinamia darubini, nayo ilikuwa imeelekezwa magharibi, imeinuka kiasi cha kuuvuka ukuta tu. Moyo wa mwalimu ulimruka. Sayari inayokaa chini namna hiyo wakati wa machweo ni Utaridi, ambayo yeye mwenyewe aliitafuta miaka nenda miaka rudi bila kuipata.

"Umeipata Utaridi!" alisema. "Nipishe."

"Baba, ngoja kidogo, bado sijai…"

"Nipishe, nimesema."

Akaweka jicho. Darubini za namna ile huonyesha kila kitu kikiwa kimepinduka, jambo lisilowasumbua watazamaji wa anga, kwa kuwa nyota hazina juu wala chini. Kwa hiyo ilimchukua Mzee Mansuri muda kutambua kwamba analitazama paa la Bwana Turki, na kwamba mtumishi wa Bwana Turki, akining'inia kama popo, anapunga mkono na kucheka.

Alijinyoosha polepole. Justus alikuwa ameikunja kofia yake mpaka ikawa kama kitambaa.

"Ni mke wangu, Baba. Selipher. Mwaka wa pili huu."

Mzee Mansuri alimkazia macho kwa muda mrefu, kama alivyowakazia wale walioandika majibu ya aibu katika mitihani.

"Mwaka wa pili," alisema, "unamtazama mkeo kichwa chini?" Akaingia ndani kukitafuta kile kioo kidogo kinachoigeuza picha isimame wima.