Jina la Muuguzi

Ignace alitema mate kwenye sinki la jikoni, akafungua bomba, akayaangalia mpaka yakapotea.

Binti yake Sylvie alibaki ameduwaa, mtoto mchanga kifuani. Tangu wahamie Birmingham hakuwahi kumwona baba yake, mzee wa kanisa, akitema mate mbele ya mtu.

"Papa, nimetaja jina tu."

"Usilirudie humu ndani."

Jina lenyewe lilikuwa Arsène. Sylvie alitoka nalo nyumbani kwake mtaa wa Castle Vale kwa furaha, akalileta kwenye fleti ya baba yake huku Nechells. Yeye na mumewe Djo walikuwa wameyapepeta majina ya Kifaransa kwenye simu kama watu wanaopepeta mchele, maana na asili ya kila moja. Arsène lilitoka kwa Wagiriki, maana yake mwanaume mwenye nguvu. Lakini haikuwa maana iliyowashawishi. Aliyeliomba ni mama yake Djo, Mama Nabintu. Djo alipokuwa mdogo alishikwa na kipindupindu kwenye kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Muuguzi aliyempa dawa, mtoto akapona, aliitwa Arsène. Siku hiyo Mama Nabintu aliapa kwamba mjukuu wake wa kwanza wa kiume atalibeba jina hilo.

"Na mimi nilikuwa kambi ile," Ignace alisema. "Ninamjua."

Alivuta kiti akaketi mbali na mtoto, kana kwamba jina lilikuwa limeshamchafua.

"Asubuhi wanawake walipanga foleni na watoto waliolegea kama matambara. Huyo muuguzi wenu alikuwa ameshazifungua kapsuli, moja moja. Dawa aliimwaga kwenye karatasi, akaipeleka sokoni kuuza. Ndani ya ganda alijaza unga wa muhogo. Halafu akalifunga kwa ulimi. Kwa mate yake, Sylvie. Watoto walimeza unga na mate ya yule mtu, wakaenda kufa."

Sylvie alimfunika mtoto masikio bila kujua anafanya nini.

"Lakini Djo alipona."

"Djo aliponywa na maji ya chumvi na sukari ya mama yake, na bahati. Wenzake wamelala nyuma ya hema la dawa."

"Ulifiwa na mtu pale, Papa?"

"Wengi walifiwa."

Sylvie alidhani sasa amejua kwa nini baba yake hakugusa ugali wa muhogo hata siku ya harusi yake na Djo. Marehemu mama yake, ambaye alikutana na Ignace Nairobi baada ya mambo ya kambi, alikufa bila kuambiwa sababu.

"Hamkumshtaki?"

"Alitoroka. Mtu wa namna ile ni kupe. Akishiba anajiangusha, anatafuta ng'ombe mwingine." Alijifuta midomo kwa kiganja. "Mwiteni René. Aliyezaliwa mara ya pili. Hilo ni jina safi."

"Na nikimpa lako? Ignace?"

"Hapana. Hata sijui maana yake."

"Wanasema ni moto."

"Bon, sawa. Basi René."

Sylvie alimsimulia Djo jioni ileile. Djo alikuwa anaosha vyombo, akaendelea kuisugua sahani moja muda mrefu. Mama Nabintu, ambaye alikuwa amefika kutoka Nairobi wiki hiyo, aliyasikia yote kutoka sebuleni. Akaja akasimama mlangoni.

"Nani anasema vile?"

"Papa yake Sylvie," Djo alijibu.

"Mimi nilimwona yule muuguzi kwa macho yangu. Alimshika mwanangu kichwa, akamfungua kinywa, akaniambia, mama, usilie. Mleteni huyo mzee. Anitukanie mtu wangu mbele yangu, si nyuma."

Wakwe hao wawili hawakuwa wamewahi kuonana. Harusi ilifungwa huku Mama Nabintu akiwa bado anasubiri viza, na kila alipopiga simu ya video Ignace alimsalimia kwa sauti tu, kutoka jikoni. Kupigwa picha pia hakupenda.

Jumapili baada ya ibada, siku aliyoalikwa kwa Sylvie kukutana na mkwewe, Ignace alisema tumbo linamuuma. Sylvie akamfuata mwenyewe kwa gari.

"Sema ulichoniambia, Papa, basi," alimwambia njiani. "Wewe ndiye shahidi. Yule mama amedanganywa miaka yote hii. Inanitia kinyaa kufikiria anavyomwombea yule mtu kila siku."

Ignace aligeukia dirishani.

Sebule ilikuwa imejaa watu wa kanisa, na harufu ya sombe, yaani kisamvu, ilifika mpaka kwenye ngazi. Mlango ulipofunguliwa Mama Nabintu aliinuka na mjukuu mikononi, taya amezikaza kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi. Alimpima Ignace kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka usoni, na hapo macho yake yakakwama.

Ignace alipiga hatua moja nyuma. Sylvie alikuwa nyuma yake, akamshika kiwiko ili kumtia moyo.

Taya za Mama Nabintu zililegea. Aliyapinda magoti yake mabovu mpaka yakagusa zulia, akaushika mkono wa kulia wa Ignace, akaulaza kwenye shavu lake lililolowa machozi.

"Djo, njoo upige magoti," alisema. Kisha akamwinua mtoto juu. "Muuguzi Arsène, mpokee wajina wako."