Alhamisi za Bi Zamoyoni

Siku hizi mstaafu hapewi fedha. Mfuko wa Pensheni humlipa mwanawe aache kazi siku moja kwa wiki, akae naye. Kila Alhamisi Kitwana huja kwa mama yake, Bi Zamoyoni, wakamenya mihogo na kutaniana.

Leo taa ya Mfuko mlangoni, inayohesabu saa za malipo, ilizimika chungu kikiwa bado motoni.

“Nenda, baba. Saa zako zimekwisha.”

“Nile kwanza, mama.”

“Ukikaa bure watasema nina wa kunipenda, wanifutie Alhamisi zangu.”

“Kwani uongo?”

Mama alimsukuma nje huku akicheka, kisha akampitishia sahani dirishani. Kitwana akala amesimama. Wakaendelea kupiga soga, mama ndani, mwana nje, wakinong’ona ili nyumba, sikio la Mfuko, isiwasikie.