Majibu ya Maji

Watafiti wageni walizoea kuchota maji ya kisima cha Bi Mwatumu, wakaenda nayo wasirudi na majibu. Safari hii alichota Tunu, afisa afya wa halmashauri, aliyefundishwa kuyapima hapa hapa mjini. Leo alirudi. Asipoaminiwa, nani atampa maji tena?

"Umefuata mengine?" bibi alimkejeli.

"Nimeleta majibu, bibi. Kisima ni safi. Kinachowaharisha wajukuu zako kimo kwenye mtungi wako."

Bi Mwatumu alikodoa macho, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Mtungi! Na mimi nimegombana na mtaa mzima, nikidhani wanachafua kisima!" Akapaza sauti, "Jamani, tokeni! Huyu karudi na majibu!"

Milango ikafunguka. Wanawake wakamjia Tunu wakicheka, kila mmoja na kikombe cha maji ya kwake mkononi.