Upana wa Mlango

Seremala alikuwa amechonga milango ya nusu ya mtaa, lakini huu mmoja, wa gari la kukodi lenye vitanda na jiko lake, ulimnyima usingizi mwezi mzima. Kesho wangeondoka likizo, yeye na dada yake.

"Panda, dada. Kiti kinapita, nimekipima kwa mkono wangu."

Dada mtu alishika magurudumu ya kiti chake, akajisukuma taratibu juu ya ubao wa kupandia. Sharti lake la safari lilikuwa moja tu: asisukumwe na mtu.

Kiti kilipita. Mikono ndiyo iliyogoma. Vidole vyake vilibanwa kati ya gurudumu na fremu ya chuma ya mlango, ngozi ya vifundo ikachunika.

Seremala alikuwa amekipima kiti kikiwa kitupu, dada amelala.

"Nitachonga kidogo pembeni..."

"Utachonga chuma, mdogo wangu?"

Dada alirudi nyuma kidogo, akaifuta damu kwenye gauni lake jipya la safari. Kisha akaikunja mikono yake mapajani, kama mgeni aliyekaribishwa asipopataka.

"Haya," alisema. "Nisukume."